Mama Pampu na Umeme wa Miaka Thelathini Ijayo

Kwenye kituo chetu cha kupandisha maji hakuna mota iliyowashwa asubuhi kabla Mama Pampu hajaigusa. Aliweka kiganja juu ya ganda lake la chuma, akauzungusha mhimili taratibu kwa mkono wa pili, akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Kisha akatazama mshale wa volti ukutani. Akautazama tena. Ndipo aliposema, "Haya, tumwamshe."

Mimi nilikuwa binti aliyetoka chuo na cheti cha ufundi umeme, nimekuja na kipimo kipya cha mkononi, na nikauona ule ni ushirikina mtupu. Wiki ya pili aliigusa mota namba mbili akakataa kuiwasha. Nikaipima mbele yake, kipimo kikasema ni nzima. Tulipoifungua tulikuta beringi imekwisha, gololi zake zimelika, na kama ingezunguka mchana kutwa ingejisaga yenyewe.

"Kipimo chako hakikudanganya," aliniambia, tena kwa upole. "Wewe umeupima umeme. Mota hujampima."

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake, ingawa karatasi za ajira zilisema mimi ndiye fundi na yeye ni mwendesha mitambo tu.

Kwa asiyekujua huko kwetu: mji wa Newala uko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na maji yako chini bondeni. Ukisimama mjini ukatazama kusini unaona bonde la Ruvuma lote limetandazwa mbele yako, buluu na kubwa, lakini koo lako linaweza kuwa kavu hapo ulipo. Tone la kunywa lazima lipandishwe. Wazee walilipandisha kwa vichwa vya wanawake. Siku hizi tunalipandisha kwa umeme, na kwa miaka mingi, kati ya umeme na maji, alikuwa amesimama Mama Pampu na koti lake la kaki na kilemba cha kitenge.

Jina lake la kuzaliwa alikuwa nalo, na watoto pia alikuwa nao. Lakini mjini hakuna aliyemwita kwa jina la mwanawe, kama ilivyo desturi. Alikuwa Mama Pampu sokoni, Mama Pampu hospitalini, Mama Pampu msikitini upande wa akina mama, kana kwamba pampu ndiyo kifungua mimba wake. Hata mkuu wetu wa kazi, mtu wa makaratasi mengi, alipomwandikia barua ya onyo aliandika "Ndugu Mama Pampu". Barua yenyewe ilihusu kuongea sana kazini. Ilikuwa haki. Akianza kuzungumza habari za umeme, chai ilipoa, uji uliganda, na gari la wafanyakazi lilipiga honi mpaka dereva akashuka naye akaja kusikiliza.

Alikuwa na msemo mmoja uliosambaa mji mzima. Umeme ukikatika kisha ukarejea, watu walimpigia simu kuuliza, "Mama, umeme umerudi?" Naye hujibu, "Umerudi wa taa. Wa maji bado." Maana yake ni kwamba taa huwaka hata umeme ukiwa umelegea, inafifia tu, na mwenye nyumba anashukuru. Mota haitaki umeme uliolegea. Ukiilazimisha inavuta kwa nguvu, inapata moto, inaungua. Nimesoma vitabu kadhaa tangu wakati ule vyenye sura nzima juu ya usalama wa nishati, na bado sijaona kitabu kilicholieleza jambo hilo kwa ufupi kuliko huo msemo.

Msidhani alikuwa mtu wa mambo mapya. Nguo zake alizinyoosha kwa pasi ya mkaa. Nyumbani alipikia kuni, hata ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na nilipomuuliza, nikiwa nimechoka kumsikia akisifia gesi ya huku kwetu Kusini, alijibu bila kupepesa macho: "Gesi ni ya mitambo. Ming'oko ni ya kuni." Mwanamke aliyeshika swichi kubwa kama paja la mtu kwa mkono mtupu aliogopa radi kuliko mtoto. Wingu likinguruma tu, alipanda juu ya kiti cha mbao, akakunja miguu, akafunga macho na kusoma dua kwa sauti, nasi tukaendesha kituo wenyewe mpaka mvua ipite. Baadaye alishuka, akajifuta uso, akauliza kwa ukali, "Nani kaacha mlango wa paneli wazi?"

Na umeme wa jua hakuutaka kabisa. Hilo ndilo lililotugombanisha, na nitafika hapo. "Jua," alikuwa akisema, "ni la kuanikia korosho."

Lakini kwanza nieleze ule mwaka wa kiangazi kirefu, maana ndio uliomfanya awe yule aliyekuja kuwa.

Umeme ulikuwa upo, lakini umelegea. Mstari mrefu, mzigo mwingi, kila mtu kaongeza friji na mashine. Mshale wa volti ulikuwa unalala asubuhi na unabaki umelala. Siku ya kwanza Mama Pampu hakuwasha. Siku ya pili hakuwasha. Tangi la juu mjini likakauka. Mkuu wetu akapiga simu, naye Mama Pampu akaiweka mbali na sikio ili sote tusikie.

"Washa, Mama! Watu wananipigia!"

"Nikiwasha watakunywa leo, bosi. Mota ikiungua hawatakunywa mpaka Idi. Niandikie kwa barua kwamba niwashe, nitawasha."

Barua haikuja.

Siku ya tatu, yapata saa nne asubuhi, tuliwaona wanawake wakishuka mteremko, ndoo vichwani, zaidi ya arobaini. Walikuja moja kwa moja getini. Sijawahi kuona hasira ya namna ile, hasira ya watu waliotembea na kiu. Mmoja wao, mwenye khanga ya njano, alishika nondo za geti akasema:

"Mama Pampu, mwanangu kalazwa. Kajifungua jana. Hospitali wanatuambia tuje na maji yetu. Wewe umeme unao, taa hiyo tunaiona inawaka. Kwa nini unatunyima?"

Nilimtazama Mama Pampu. Alitazama ile taa ya getini, kweli ilikuwa inawaka, nyekundu nyekundu kama kaa la moto. Nikamnong'oneza, "Mama, tuwashe ile pampu ndogo. Tujaribu tu." Akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza swali ambalo chuoni hakuna aliyewahi kuniuliza:

"Umeme huu unaolegea, umekwenda wapi?"

"Kwa watumiaji wengine, Mama."

"Wataje."

Nikaanza kutaja. Mashine za kusaga, maana watu walikuwa wakisaga sana mihogo na mahindi msimu ule. Mafundi wa kuchomelea mageti. Mashine za kupasua mbao. Alikuwa akihesabu kwa vidole, na midomo yake ilianza kucheza. Aliwaambia wale wanawake wachote maji ya chanzo pale kituoni kadiri wanavyoweza kubeba, akavua koti la kaki akanipa, akapanda bodaboda.

Mimi nilibaki kituoni na mshale wa volti. Yaliyotokea mjini nilisimuliwa na watu wengi, na kila mmoja anasimulia kama alikuwepo yeye peke yake. Alikwenda mashine hadi mashine. Hakutishia, hakutaja serikali. Alisimama mlangoni, akasalimia, akasema, "Naomba umeme wenu wa saa mbili. Kuanzia saa saba mpaka saa tisa. Zimeni, nipandishe maji, kisha endeleeni." Mwenye mashine wa kwanza alicheka. Wa pili aliuliza, "Na yule mwenzangu wa pale atazima?" Akamjibu, "Atazima ukizima." Akavuka barabara, akamwambia yule mwenzake, "Yule kazima." Ulikuwa bado ni uongo, lakini kufikia saa sita na nusu ulikuwa ukweli. Fundi mmoja wa mageti, kijana mbishi, aligoma katakata. Wateja waliokuwa wamekaa kwenye foleni ya kusaga, wote wana ndoo tupu nyumbani, walikwenda wakasimama mbele ya karakana yake, hawakusema kitu. Akazima.

Saa saba kamili mshale wangu ulitikisika. Nilidhani ni macho. Ukapanda kidogo, ukasita, ukapanda tena, kama mtu mzito anayeinuka kitini. Simu ikalia.

"Umeona?" Mama Pampu aliuliza. Nyuma yake nilisikia mji umenyamaza, hakuna mashine hata moja.

"Naona, Mama! Umefika!"

"Umegusa?"

Nikagusa mota. Nikauzungusha mhimili.

"Nzima, Mama."

"Basi mwamshe."

Nikawasha. Ilinguruma, ikatulia, ikaimba. Nilikaa sakafuni nikalia kwa furaha, peke yangu, na mlinzi wa geti akaja kuchungulia akadhani nimepigwa na umeme. Maji yalifika hospitalini kabla ya magharibi. Utaratibu ule wa saa mbili uliendelea kiangazi chote, bila sheria, bila tangazo, kwa kupeana zamu tu, na mwisho hata yule fundi mbishi alikuwa anampigia simu Mama Pampu: "Nimezima mimi. Waambie wengine."

Miaka ilipita. Mimi nikaolewa, nikapata mtoto, nikawa Mama Tumaini, nikahamishiwa Masasi ofisini, karibu na Lupaso nilikozaliwa. Ndipo walipokuja wataalamu. Walikuwa wanazunguka nchi kukusanya maoni: mfumo wa nishati wa nchi uweje miaka thelathini ijayo, na nini kitaulinda usitikisike. Walitaka watu wenye uzoefu, wawape dodoso, kila mtu akipe kila chanzo cha umeme alama, moja mpaka tano, tano ikiwa ya juu, kisha baada ya muda warudi na majibu ya wote na kuuliza tena, waone nani kabadili mawazo na kwa nini. Mimi nilipewa kazi ya kualika watu wa wilaya zetu. Mhandisi mmoja akapata udhuru. Nafasi yake nikaandika: mwendesha mitambo, Newala. Nilijua nitaulizwa. Sikujali.

Alifika Masasi na gari la asubuhi, kavaa buibui jipya na viatu vilivyokuwa vikimbana. Nikampokea stendi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hao wataalamu wameshapata chai?"

"Bado."

"Vizuri. Mtu aliyeshiba hasikilizi."

Ukumbi ulikuwa unatazamana na yale majabali makubwa ya Masasi, madirisha yamefunguliwa, feni zinazunguka. Mtaalamu kiongozi, bwana mrefu mwenye sauti nzuri, alituonyesha picha ukutani: gesi, mabwawa, jua, upepo, joto la ardhini, nyaya za kuvuka mipaka. Nakiri nilisisimka. Kwa mara ya kwanza niliiona nchi yangu kama mtambo mmoja mkubwa, na sisi watu wa Kusini tuliozoea kuwa mwisho wa mstari tumo ndani yake, tunaulizwa. Ukumbi ulichangamka. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa Masasi, alisimama akasema gesi imetoka huku, hivyo huku ndiko kuwe moyo wa nchi, akapigiwa makofi. Mwingine akasema mabwawa, mwingine akasema mvua siku hizi haina ahadi. Watu walikuwa wanakatizana, wanacheka, wanasimama bila kuitwa.

Mama Pampu akanyoosha mkono.

"Mwanangu," alimwambia mtaalamu kiongozi, "hapa mmeandika usalama wa umeme. Maana yake nini?"

"Maana yake, Mama, nchi iwe na umeme wa kutosha wakati wote."

"Wa kutosha wa taa, au wa kutosha wa maji?"

Akawasimulia. Mshale, wanawake arobaini, mashine za kusaga, saa saba mpaka saa tisa. Alisimulia kwa mikono, kwa macho, akaigiza yule fundi mbishi mpaka watu wakafuta machozi ya kucheka. Alipofika pale mji uliponyamaza, hakuna aliyekuwa anacheka tena.

"Mnatuuliza umeme utoke wapi," alisema. "Ni swali zuri. Mimi nauliza, siku usipotosha, nani azime kwanza, na nani asizimiwe kamwe? Hospitali na maji mmeviweka wapi kwenye picha yenu?"

Mtaalamu mmoja wa pembeni, kijana mwenye miwani, alijibu kwa heshima lakini kwa uthabiti. "Mama, hadithi yako imenigusa. Ila huo si mfumo. Hiyo ni hisani ya watu wa mji mmoja. Nchi haiwezi kuendeshwa kwa hisani."

Niliona bega la Mama Pampu likiinuka kidogo. "Kweli kabisa," alisema. "Basi iandikeni, iwe mfumo."

Makofi yaliyopigwa pale niliyasikia kwenye mbavu. Yule kijana alicheka, akavua miwani, akachukua kalamu, na akaandika kweli. Nilimwona.

Yangeishia hapo ningekuwa nasimulia habari ya ushindi tu. Lakini tulipofika kwenye alama, Mama Pampu aliipa gesi nne, mabwawa tatu, na jua akalipa moja. Kisha akaeleza kwa sauti: jua halikai, likifunikwa na wingu mota inakwama, na nchi isijengwe juu ya kitu kinachozama kila jioni. Vichwa vikaanza kutikisika kumkubali. Walikuwa tayari kumkubalia chochote. Nami nilijua amekosea. Nilikuwa nimepiga hesabu za pampu na jua mwaka mzima. Nikasimama.

"Naomba kutofautiana na mama yangu," nilisema. Alinigeukia. Nikaendelea kabla sijavunjika moyo. "Sisi Newala hatuhitaji jua likae. Tunahitaji maji yakae. Jua likiwa kali mchana tupandishe maji, tangi lijae juu, jioni jua likizama maji yatashuka yenyewe kwenye mabomba. Hatuhitaji kuweka umeme akiba. Tunaweka maji."

Mtaalamu kiongozi aliniomba nirudie, taratibu. Nikarudia. Watu walinong'ona. Mama Pampu alirudisha macho kwenye karatasi yake na hakuibadilisha ile moja.

Nilimsindikiza stendi. Hakunisemesha njia nzima, yeye aliyeandikiwa onyo kwa kuongea. Alipopanda gari alisema tu, "Mtoto wako msalimie," wala hakungoja jibu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nimemvunjia heshima mtu aliyenifundisha kazi. Akaniuliza kama nilichosema kilikuwa kweli. Nikasema ndiyo.

Mwaka mzima na zaidi sikumwona. Alistaafu, nikasikia kwa watu. Pendekezo la tangi na jua liliokotwa na mradi mmoja mdogo, paneli za jua zikaletwa bondeni kwa majaribio, kwa ile pampu ndogo, na mimi nikawa naenda Newala mara kwa mara kusimamia, lakini nyumbani kwake sikuthubutu kupita. Mpaka dodoso la awamu ya pili lilipokuja, na jina lake likiwa juu ya moja ya zile bahasha. Wiki hiyohiyo mafundi walikuwa wanajaribu kuunganisha paneli na pampu. Sikujua ni siku gani watafaulu, na niliapa kutomwahidi mtu yeyote chochote.

Nilimkuta kwake, mtaa wa ukingoni, amekaa barazani anachambua kunde. Amepungua mwili, macho ni yaleyale.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mama Tumaini." Akasogeza ungo, nikakaa. "Umechelewa. Nilidhani utakuja siku ya pili yake."

"Niliogopa, Mama."

"Uliniogopa mimi? Mimi ni radi?" Akacheka, kisha akaacha. "Nilikukasirikia. Unajua kwa nini? Ungesema upuuzi ningekusamehe palepale garini. Ulisema kweli mbele za watu, na mimi nilikuwa nimeshapigiwa makofi. Makofi yanalevya, mwanangu. Nisamehe."

Nilitoa karatasi ili mikono ipate kazi. Tukaijaza pamoja, mimi nasoma, yeye anajibu. Safari hii kulikuwa na swali jipya, na nilipolisoma sauti yangu ilipanda: umeme ukipungua, ni huduma zipi zisizimwe, na watumiaji wengine wapeane zamu kwa utaratibu gani? Aliomba nilisome mara ya pili. Kisha mara ya tatu.

"Wameiandika," alisema polepole.

"Wameiandika, Mama."

Tukafika kwenye jua. Alifikiri sana, punje ya kunde mkononi. "Andika nne."

"Kutoka moja?"

"Nimefikiri mwaka mzima. Nina nafasi ya kufikiri siku hizi. Andika nne."

Nilikuwa sijamaliza kuandika pale tuliposikia kelele nyumba ya tatu, mwanamke anapiga kigelegele, na mwingine anaita, "Maji! Jamani, maji!" Bomba la uani kwake likakohoa, likatema upepo, likatema kutu, kisha likafunguka. Mama Pampu aliinuka haraka kuliko nilivyodhani anaweza, kunde zikamwagika baraza zima. Alitazama bomba, akatazama juu, jua limesimama katikati ya utosi.

"Saa ngapi?"

"Saa saba, Mama."

"Umeme upo?"

Nikabonyeza swichi ya barazani. Taa haikuwaka. Akaniangalia, nami nikamwangalia, na nikaona anaelewa, uso wake wote unaelewa, kuanzia kwenye macho.

"Taa hakuna, maji yapo!" alipaza sauti. "Taa hakuna, maji yapo!" Akavuka ua akiwaita majirani kwa majina ya watoto wao, leteni ndoo, leteni mapipa, leteni sufuria, mnangoja nini. Aliniswaga mimi na dodoso langu mpaka bombani. Tulikinga, tukabeba, tukalowa mpaka kiunoni, tunacheka kama wasichana. Wakati fulani, tumeshika ndoo moja watu wawili, nilimuuliza kwa sauti ili nishinde zile kelele:

"Mama, ile nne niifanye tano?"

Aliiweka ndoo chini. Akafuta maji usoni, akatazama anga lote, upande hadi upande.

"Iache nne," alisema. "Masika bado hatujaiona."